Pimbi na Madaraja Manne ya Mbio za Magari Makuukuu

Paukwa.

"Pakawa."

Pakawa na magurudumu mangapi?

"Manne, na la tano la akiba."

La akiba lina upepo?

"Lina upepo, na kama halina tutalijaza majani."

Basi lijazeni, mkae vizuri, maana ngano ikishawashwa haina breki.

Wapokezi wa ngano hii wamehitilafiana juu ya mwaka, lakini juu ya mahali hawakuhitilafiana. Mahali ni Mbuga ya Magadi, palipokuwa na ziwa hapo kale. Ziwa likakauka, likaacha ardhi nyeupe iliyotandazwa kama jamvi, ngumu juu na laini chini, mfano wa ugali uliofunga ukoko. Wanyama wa mbuga hiyo walikuwa na ada yao. Kila mwaka, mtama ukishavunwa na ghala zikishafungwa, walishindana kwa magari.

Tena si magari mapya. Gari lililoruhusiwa ni lile lililotupwa na mwenyewe wa kwanza, likatupwa na wa pili, na wa tatu akalifugia kuku. Hapo ndipo lilipohesabiwa kuwa limekomaa. Na mwenye kulifufua alitakiwa alifufue kwa vitu vya bure: waya wa ua, ngozi ya ndala, utomvu wa mti, na subira. Kwa hiyo hata fukara aliweza kushindana, na mara nyingi fukara ndiye aliyekuwa fundi zaidi.

Tuzo nayo ilikuwa ya bure. Ilikuwa jiwe la kusagia, limechongwa katika jabali la pale kilimani, pamoja na mwana wake wa kusugulia. Mshindi alifungiwa jiwe lake juu ya gari, kwenye keria, kila jicho lilione. Na mila ilisema hivi: tuzo haishuki garini mpaka jua linapokuchwa na dua ya kufunga kusomwa, kwa sababu baraka ikishushwa mapema huvunjika mguu.

Na mwenye kushinda Mbio Kuu alikabidhiwa bakora ya kanuni. Alilolitamka akiwa ameishika, hilo ndilo lililokuwa sheria ya mwaka uliofuata.

Kwa miaka saba bakora ile haikutoka mikononi mwa Kiboko.

Kiboko alikuwa amechukua bodi ya kigari kidogo cha zamani, akakitia injini ya lori, akakivisha matairi ya lori, akakaa ndani mwenyewe, akaenea kama unga uliokorogwa na hamira. Alipowasha, mbuga nzima ilijua: ngu-ngu-ngu-ngurrr. Mwaka mmoja injini ile ilizimika hatua chache kabla ya mstari. Kiboko akashuka, akalisukuma gari kwa pua yake mpaka likavuka. Wenzake wakanung'unika. Mwamuzi wa mbio, Kadhi Korongo, akasimama kwa mguu mmoja akifikiri, kisha akahukumu: "Nguvu za mwenye gari ni nguvu za gari." Hukumu ikaandikwa, Kiboko akafungiwa jiwe.

Mwaka wa kwanza wa enzi yake yalikuja magari thelathini. Mwaka wa saba yalikuja manne. Digidigi alikuwa amelirudisha gari lake kwenye kazi ya kufuga kuku, akasema afadhali kuku, hutaga. Nyumbani kwa Kiboko mawe saba ya kusagia yalikaa mlangoni yameota ukungu, kwa kuwa Kiboko hula nyasi, wala hasagi kitu. Na akina mama wa mbuga walikuwa wakisagia vigae vya mitungi.

Mwaka huo wa saba, Kiboko akiwa na bakora mkononi, akatamka: "Mwakani kila gari la mbuga hii litaingia Mbio Kuu, asifiche mtu. Na kila litakaloachwa nyuma yangu litakuwa vipuri vyangu. Nitalifungua boliti kwa boliti."

Ngano, je, mnaifuata?

"Tunaifuata kwa nyuma, vumbi linatuingia."

Basi fungeni vioo.

Kwenye lile jabali la kilimani aliishi Pimbi, mnyama mdogo, mnene wa mashavu, asiye na mkia. Yeye ndiye aliyekuwa mchonga mawe ya tuzo. Na uvunguni mwa jabali aliishi na kigari kilichoitwa Tulizana, nacho hakikuwa chake hasa. Mkewe, Bi Pelele, alikirithi kwa marehemu baba yake, akaja nacho siku ya harusi. Kokoto, mtoto wao wa kwanza, alizaliwa kwenye kiti cha nyuma, katika mvua ya masika, wakiwa njiani kwenda kwa mkunga. Mpaka leo Bi Pelele alikiita kiti kile chumba cha Kokoto, na hakuruhusu mtu kukiwekea kopo la mafuta. Tulizana lilipowashwa lilisema te-te-te-te, puu. Baada ya puu ilibidi mtu ashuke, alipige kofi la upole kwenye boneti, nalo likasema tena te-te-te-te.

Siku moja, mwezi mmoja kabla ya mbio, Pimbi alikuwa akichonga. Ko, ko, ko. Bi Pelele akaja na ungo wake wa mtama, akaketi.

"Baba Kokoto, jiwe hilo unamchongea nani?"

"Mshindi."

"Mshindi ana pua mbili kubwa na tumbo moja, tunamjua. Unamchongea jiwe la nane, naye atakuja kufungua chumba cha Kokoto boliti kwa boliti. Ningekuwa mimi ningemchongea kaburi."

Pimbi akaacha kuchonga. Alikuwa akilitazama jiwe. Alijaribu kuliinua likakataa. Akajaribu tena kwa mgongo, likakataa. Akakaa kitako na kulitazama kwa muda ambao mtu angemaliza kukoka moto. Kisha mashavu yake yakaanza kutikisika.

"Unacheka nini, mume wangu?"

"Jiwe hili ni zito."

"Mawe yote ni mazito. Ndiyo maana yakaitwa mawe."

"Nisaidie tuchonge manne mengine."

Bi Pelele akaweka ungo chini. "Saba aliyonayo hayamtoshi?"

"Hayamtoshi," akasema Pimbi. "Na hapo ndipo ilipo rehema."

Kesho yake Pimbi akateremka mbugani hadi kwa Kiboko. Alimkuta ameketi ndani ya gari lake, kama ilivyokuwa desturi yake mchana na usiku, kwa kuwa aliogopa kwamba akishuka tu kuna mtu atamwibia boliti. Mwaka wa ngapi sijui hajaingia majini. Ngozi yake ilikuwa imepasuka kama kiwanja cha mbuga yenyewe, naye alijipaka girisi kwenye nyufa akisema ni ada ya madereva.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba, wewe usiye na mkia. Umekuja kuliaga gari la mkeo?"

"Nimekuja na huzuni."

"Ndiyo, lazima uwe nayo."

"Si yangu, Bwana Mkubwa. Ni yako."

Kiboko akafungua jicho la pili. "Yangu imetoka wapi?"

"Nimeketi juu ya jabali nikawaza. Mtu mkubwa kama wewe, mwenye injini kubwa kama hiyo, mwaka mzima unashinda mara moja. Watu hula asubuhi, wakala mchana, wakala jioni. Wewe kushinda kwako ni tonge moja kwa mwaka. Nikasikitika."

Kiboko akasogea dirishani. Katika miaka saba hapana aliyekuja kumsikitikia, na maneno yale yalimwingia kuliko girisi.

"Na dawa yake?" akauliza.

"Madaraja."

"Madaraja ni kitu gani?"

"Ni makundi ya kushindania. Badala ya mbio moja, tunazigawa. Magari ya zamani zaidi, daraja lao. Yenye injini ndogo, lao. Madereva wageni, lao. Yaliyofungwa kwa waya, lao. Kila daraja na mbio zake, kila mbio na jiwe lake. Kisha baada ya alasiri, Mbio Kuu, kama kawaida."

Kiboko akacheka, gari likatikisika. "Unanifanya mtoto, Pimbi. Madaraja ni ya wanyonge, wapate na wao cha kushinda."

"Ndivyo watakavyodhani," akasema Pimbi, akiinamisha kichwa. "Watafurahi, watayatoa magari yote kwenye mabanda ya kuku. Lakini bakora ya kanuni i mkononi mwa nani? Nani atakuambia daraja hili usiingie?"

Kiboko akaanza kuhesabu kwa kwato. Moja, mbili, tatu, nne, na Mbio Kuu. Akameza mate.

"Yote?"

"Sikusema yote. Nimesema bakora i mkononi mwako."

"Yote," akasema Kiboko taratibu, kama mtu aliyesikia harufu ya pilau nyumba ya pili. "Mara tano siku moja. Hata Simba hajapata."

"Ila Kadhi Korongo ataniuliza juu ya mila. Nimwambie nini?"

"Mila zibaki kama zilivyo. Mila ndizo zilizonikuza."

"Zote?"

"Zote, usinichoshe. Andika hati niikanyage."

Pimbi akaandika hati ya madaraja manne na mila zote, akailaza chini, Kiboko akashusha mguu mmoja tu, akaikanyaga, wayo wake ukabaki pale mpana kama sinia.

Habari za madaraja zikaenea. Digidigi akawafukuza kuku wake, wakaondoka wakilalamika. Kicheche akavuta gari lake kutoka kisimani lilikokuwa likizuia ng'ombe. Nguchiro, rafiki wa Pimbi tangu utotoni, akakesha siku tatu akifunga waya, akaja na gari lililong'aa kama zumari la arusi. Siku ya mbio yakahesabiwa magari ishirini na sita. Watu walikumbatiana. Kulikuwa na uji wa mtama kwenye vyungu, na vumbi, na harufu ya mafuta ya taa, na kila mtu alikuwa na daraja lake, akilitaja kama mtu anavyotaja ukoo.

Kadhi Korongo akasimama kwa mguu mmoja, akasoma Bismillahi, akatangaza: "Daraja la kwanza, la magari ya zamani zaidi."

Ngu-ngu-ngu-ngurrr. Kiboko akajisogeza mstarini.

"Bwana Mkubwa," akasema Kadhi, "bodi yako ni ya zamani, lakini injini ni ya juzi."

"Tazama hiki kifuniko cha redieta. Ni cha babu wa babu yangu. Na hili ni langu."

Kadhi akakitazama kifuniko, akaitazama bakora, akamwandika. Mbio zikaanza, mbio zikaisha, Kiboko akashinda. Nyani wanne wakalipandisha jiwe kwenye keria. Gdu. Springi zikasema kwii.

"Daraja la pili, la injini ndogo."

Ngu-ngu-ngu-ngurrr.

"Bwana Mkubwa, hiyo si ndogo."

"Ukiilinganisha na ya treni, ni ndogo. Na hili ni langu."

Akashinda. Nyani wanne, jiwe la pili. Gdu. Kwii.

"Daraja la tatu, la madereva wageni, ambao hawajapata kushindana."

Ngu-ngu-ngu-ngurrr.

"Bwana Mkubwa, wewe una miaka saba."

"Katika daraja la wageni nimepata kushindana? Sijapata. Basi humu mimi ni mgeni. Na hili ni langu."

Akashinda. Nyani sasa walikuwa sita, kwa kuwa Pimbi alichonga kila jiwe likawa kubwa kidogo kuliko lililotangulia, akidai kwamba heshima hukua. Gdu. Kwiii.

"Daraja la nne, la magari yaliyofungwa kwa waya."

Kiboko akachukua kipande cha waya urefu wa kidole, akakifunga kwenye kioo cha pembeni. "Na hili ni langu."

Gdu. Kwiiiii.

Uji ulikuwa umepoa vyunguni. Nguchiro alishika nafasi ya pili katika daraja la waya, na injini yake ilikuwa ikichemka, mvuke unatoka kama biriani iliyofunuliwa. Akamwendea Pimbi, aliyekuwa ameketi kwenye Tulizana tangu asubuhi bila kuingia daraja lolote.

"Ulituambia madaraja ni ya kutupa nafasi."

"Ni kweli."

"Tulikuwa tukipigwa mara moja kwa mwaka. Leo tumepigwa mara nne kabla ya alasiri. Na wewe umekaa kivulini na gari lako baridi. Nilikuwa nikikuita ndugu, Pimbi."

"Vumilia, Nguchiro."

"Nivumilie nini? Kuku wa Digidigi wana akili kuliko sisi. Wao walilalamika mapema."

Akaondoka. Pimbi akalitazama keria la Kiboko na yale mawe manne, akazitazama springi. Zilikuwa zimeinama, lakini hazikuwa zimevunjika. Lile jitu la gari lilikuwa bado limesimama. Akasema kimoyomoyo kwamba huenda alikosea hesabu, na kwamba mtu hukosea hesabu mara moja tu ikiwa anayoyapima ni mawe na aliyoyaweka rehani ni nyumba.

"Baba Kokoto," akasema Bi Pelele kando yake, "umenyamaza kama aliyemeza ndoana."

"Nimekumezesha na wewe."

"Mimi niliimeza mwenyewe siku ya harusi. Paka mafuta hiyo klachi."

Waliposwali alasiri, Kiboko mwenyewe akaja kwa Kadhi, gari likitambaa. Alikuwa ameanza kuhisi uzito.

"Kadhi, haya mawe yashushwe kidogo. Nitayapandisha baada ya Mbio Kuu."

Kadhi Korongo akaikunjua hati. "Imeandikwa: mila zote zibaki kama zilivyo. Na tuzo haishuki kabla ya dua. Wayo huu ni wa nani?"

Kiboko akautazama wayo. Ulikuwa wake, hapana mwingine mwenye sinia kama ile.

Hapo Pimbi akasogea, na wapokezi wote wa ngano wamesema kwamba sauti yake ilikuwa ya kweli, haikuwa na hila ndani yake. "Bwana Mkubwa, iko njia. Sema tu kwamba daraja la waya halikuwa lako. Jiwe lihamie kwenye keria la Nguchiro, aliyekuwa wa pili. Na la wageni limwendee Kicheche. Utapungukiwa mzigo, na mila haitavunjwa."

Kiboko akalitazama gari la Nguchiro. Kwa kitambo kidogo uso wake ulilegea, na Pimbi akadhani atakubali, na nusu ya moyo wake ikatamani akubali.

"Nimpe Nguchiro jiwe langu?" akasema Kiboko. "Atafikiri alishinda."

Basi, yakaenda magari ishirini na sita mstarini. Mizunguko mitatu ya mbuga. Na katika kila mzunguko palikuwa na kona moja iliyoitwa Kona ya Ukoko, mahali ambapo ardhi ilikuwa nyembamba juu ya tope, hivyo gari jepesi lilipita na zito lilipita kwa kasi na kwa dua.

Heroe, ndege wa magadi aliyepewa kazi ya kuanzisha mbio, akashusha kitambaa. Ngu-ngu-ngu-ngurrr. Te-te-te-te.

Mzunguko wa kwanza, Kiboko mbele. Kwenye Kona ya Ukoko ardhi ikasema kakaka. Akapita.

Nyuma yake, magari yaliyokuwa yamekimbia tangu asubuhi yakaanza kuchoka. La Digidigi likatoa moshi mweusi, likasimama. La Kicheche likaangusha kitu, kisha likaangusha kingine, kisha likawa halina cha kuangusha. Magari ya bure hayajazoea mbio mbili kwa siku moja.

Mzunguko wa pili, Kiboko mbele. Kwenye Kona ardhi ikasema kakakakaa, ufa ukatembea kama mjusi. Akapita.

La Nguchiro likachemka mpaka kifuniko kikaruka, naye akakaa juu ya boneti ameshika kichwa. Mengine nayo yakazimika moja moja, uwanjani yakabaki mawili: lile la ngu-ngu mbele kabisa, na lile la te-te nyuma kabisa.

Mzunguko wa tatu, Kiboko akaingia Kona ya Ukoko. Ngu-ngu-ngu. Kaka. Ngu-ngu. Kakaka. Ngu.

Chubwi.

Gari likazama mpaka milangoni. Mawe manne yakabaki juu ya tope, yametulia kama mafiga yanayongoja chungu.

Pimbi naye, katika mzunguko wake wa tatu, akafika pale, akalipitisha Tulizana ukingoni, gurudumu moja kwenye nyasi na moja kwenye ukoko, pumzi wameizuia yeye na mkewe kana kwamba pumzi ina uzito. Te-te-te-te. Wakapita. Mstari ukaonekana, hatua mia, hatua sabini, hatua arobaini.

Puu.

Pimbi akashuka, akapiga kofi boneti. Kimya. Akapiga tena. Kimya cha gari lililomaliza kusema. Mafuta yalikuwa yamekwisha.

Nyuma yao wakasikia mguno. Kiboko alikuwa ameshuka. Ametia pua chini ya gari lake, misuli ya shingo imesimama, na gari, pamoja na mawe yote manne, likaanza kupanda kutoka topeni. Chwa. Hatua moja. Chwa. Ya pili.

"Nguvu za mwenye gari," akanguruma, "ni nguvu za gari. Kadhi aliandika."

"Aliandika," akasema Bi Pelele. Akafunga kanga yake kiunoni, akaenda nyuma ya Tulizana, akaegemeza bega. "Toka njiani, mume wangu, ushike usukani."

Akasukuma. Kigari kikajongea.

"Kadhi," akaita Kiboko, "yule si dereva. Mzuie."

Kadhi Korongo akabadilisha mguu, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. "Hukumu haikusema dereva. Ilisema mwenye gari. Bi Pelele, gari hili ni la nani?"

"La marehemu baba," akasema Bi Pelele bila kusimama, "nikalirithi mimi. Huyu mume wangu amelipanda tu."

"Basi sukuma, mwanangu."

Hatua thelathini. Nyuma, chwa, chwa, Kiboko naye alikuwa amelifikisha gari lake ukingoni mwa tope. Hatua ishirini. Bega la Bi Pelele lilikuwa likitetemeka. Pimbi alitaka kushuka amsaidie, lakini hukumu haikumtaja, naye akashika usukani akilia machozi ya mtu asiye na la kufanya.

Kisha chwa zikakoma.

Pimbi akageuka. Kiboko alikuwa amesimama topeni mpaka tumboni, pua ingali chini ya gari. Lile tope baridi lilikuwa limeingia kwenye nyufa za ngozi yake, ufa kwa ufa, miaka ile yote mikavu. Macho yake yakafumba. Likatoka kinywani mwake neno ambalo hapana aliyewahi kulisikia kwake.

"Aaa," akasema Kiboko.

Magoti yakakunjika. Gari likarudi chini taratibu, chubwi, na yeye kando yake, yakabaki matundu mawili ya pua na masikio mawili yakipepea.

Tulizana likavuka mstari kwa mwendo wa mtu anayeingia nyumbani kwake. Bi Pelele akakaa chini kwenye vumbi. Nguchiro ndiye wa kwanza kufika. Alimletea Bi Pelele uji, akaupuliza kwanza ili upoe, kisha ndipo akampa Pimbi mkono.

Jua likakuchwa, dua ikasomwa, mawe yakawa huru kushuka. Wakasimama wote ukingoni mwa tope wasijue waanzie wapi. Sauti ikatoka chini: "Yashusheni mawe hayo, gari langu linazama. Anayeshusha achukue. Na yale saba ya mlangoni nayo, yananizibia njia ya kuja huku." Akina mama wakayashusha, na jioni ile mbuga nzima ilinguruma, lakini ilikuwa ngurumo ya mtama ukisagwa.

Pimbi akakabidhiwa bakora. Akatamka kwamba madaraja yabaki, na kila gari liingie daraja moja lililo lake, na kwamba hapana gari la mtu litakalofunguliwa boliti. Kisha akainama ukingoni.

"Bwana Mkubwa, gari lako tulivute?"

"Acheni kwanza," akasema Kiboko. Akapuliza mapovu topeni. "Pimbi. Mwakani kutakuwa na daraja la waliozama?"

"Ukitaka litakuwepo."

"Na tuzo?"

"Jiwe la kusagia."

Masikio mawili yakapepea, yakatulia, yakapepea tena.

"La ukubwa gani?"

Ngano imefika hapo, na kila ngano ina funzo lake. Funzo la hii ni kwamba mtu akiletewa tuzo asikatae hata moja, na mwenye injini kubwa asiache kuingia kila daraja lililofunguliwa, liwe lake au si lake. Hivyo ndivyo iwapasavyo wenye nguvu. Nasi wanyonge kazi yetu ni kuwachongea mawe, na kuwaombea washinde, washinde, na washinde tena.

Mafuta yangu yamekwisha, nimezimikia hapa. Aliyeipenda asukume.

"Na asiyeipenda?"

Asukume pia, njia ni moja.